Grauti zinachafuka kila wiki? Someni kabla hamjamwaga asidi (Arusha na Moshi)

#1 MamaWawili_Sakina

Wakuu, habari za usiku. Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa, leo nimesema niliandike lote, maana kila nikienda kwa jirani namkuta yuko mbioni kufanya kosa lile lile nililofanya mimi.

Tulihamia kwetu hapa Sakina nyumba ikiwa haijapigwa hata rangi ya nje. Mnajua ujenzi wetu, unaingia na bati na madirisha, mengine yanakuja taratibu. Sebuleni na jikoni tuliweka marumaru za sentimita 40 kwa 40 rangi ya maziwa, grauti nyeupe, yaani ule ujazo wa kwenye mistari kati ya marumaru. Fundi alinionya kwamba grauti nyeupe kwa udongo wa Arusha ni mtihani. Sikumsikia. Masika ya kwanza ikapiga, njia ya mtaani ikawa tope, na tope la huku mnalijua, jekundu na laini kama unga wa ulezi. Kufika Juni mistari ya sebuleni imekuwa kama chai ya rangi, ya jikoni nyeusi kabisa.

Nikasugua. Sabuni ya unga, jiki, dawa ya meno, mswaki wa zamani, magoti chini. Niliposugua panang'aa siku mbili, halafu panarudi peusi kuliko mwanzo. Mwishowe nikamwita kijana mmoja wa usafi wa kuzunguka. Akaja na dumu la asidi, akaimimina kwenye mistari. Ikachemka. Povu jeupe, mlio kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na moshi wa kukaba koo. Grauti ikatoka nyeupe pe! Nikafurahi, nikamlipa na nauli nikamwongezea.

Wiki tatu baadaye nikipitisha kidole kwenye mstari unatoka unga. Ukitembea peku unasikia mchanga. Bafuni mistari imezama, maji yanasimama ndani yake. Bomba la sinki, lile linalong'aa, limechubuka na kuingia madoa. Na weusi umerudi, safari hii haraka zaidi. Nililia, sioni aibu kusema. Ile sakafu tuliiweka kwa pesa ya vikoba.

Ndipo shemeji yangu akanielekeza kwa dada mmoja anayefanya usafi wa kitaalamu kwenye nyumba za wageni upande wa Njiro. Alipofika hakufungua ndoo wala mashine. Alichuchumaa, akadondosha matone matatu ya maji kwenye mstari, akatulia anayatazama. Matone yakazama kabla hajamaliza kufunga kilemba chake, mstari ukageuka mweusi. Akaniambia, "Mama, hii inakunywa. Kila ukipiga deki unainywesha maji machafu."

Grauti ya kawaida ni simenti, mchanga laini na rangi. Ikikauka inabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Marumaru yenyewe, hasa ya poseleni, hainywi chochote. Ili iitwe poseleni inatakiwa isinyonye maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa hiyo maji ya deki yanateleza juu ya marumaru na kukimbilia palipo chini kidogo, yaani mstarini. Yanazama, yanakauka, uchafu unabaki humo. Sabuni ya unga ikizidi ndiyo mbaya zaidi, inaacha utando unaonata, vumbi la kiangazi likija linapata pa kushika.

Na asidi? Simenti ina chokaa, na asidi inakula chokaa. Lile povu ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka wakati chokaa inayeyuka. Mimi nilisimama pale nikidhani uchafu unachemka, kumbe grauti yangu ndiyo inaondoka, imebeba uchafu wake. Iliyobaki ina vitundu vikubwa zaidi, ndiyo maana ilichafuka upesi.

Kazi ya yule dada ilichukua siku kadhaa. Alifagia kavu kwanza na kuvuta vumbi kwa vakyumu, kwa sababu vumbi likikutana na maji linakuwa tope na tope linaingia mstarini. Akapaka sabuni kali ya kukata mafuta, ya alikali, akaiacha dakika 10 hadi 15 huku akiinyunyizia maji ya uvuguvugu isikauke. Akasugua kwa brashi ngumu ya nailoni. Ya waya hataki hata kuiona, inakwangua marumaru na kuacha kutu. Kisha mashine ya kusugua, nyuma yake vakyumu ya kuvuta maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mswaki wangu haukufua dafu. Mimi nilikuwa nautoa uchafu mstarini na kuuacha pale pale sakafuni, ukikauka unarudi ulikotoka. Yeye anaunyonya na kuutoa nje ya nyumba. Maji ya kwenye tangi la ile mashine yalikuwa mazito, rangi ya matofali. Alisuuza mara mbili kwa maji safi.

Mistari ya bafuni iliyoliwa na asidi aliikwangua, akajaza grauti mpya. Pale kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu, hakuweka grauti, aliweka silikoni, ile inayonyumbuka kama mpira. Kona inacheza, grauti haichezi, lazima itapasuka.

Halafu akaondoka. Nilidhani amemaliza, kumbe anasubiri ikauke. Grauti mpya aliipa saa 72 na zaidi, ya zamani alisema saa 24 ndio chini kabisa, ila ilikuwa Julai na Julai ya Arusha hata soksi hazikauki, tukasubiri siku nne. Ukiziba grauti yenye maji ndani, umeyafungia maji humo.

Alivyorudi alipaka dawa ya kuziba, mafundi wanaiita sila. Ziko za aina mbili kubwa. Moja inakaa juu kama vanishi, inang'aa, ila ikichakaa inabanduka. Ya pili inazama kwenye vitundu na kukaa humo ndani, huioni kwa macho, lakini maji na mafuta yanakataliwa huku mvuke wa ndani ukiendelea kupumua. Alitumia hii ya pili. Brashi nyembamba, mstari kwa mstari, anangoja dakika 5 hadi 10, anafuta yote iliyobaki juu ya marumaru kwa kitambaa kisicho na manyoya, kisha mkono wa pili. Tukahama jikoni siku nzima, chakula tukapika kwa jirani.

Kama unajiuliza kwa nini kazi hii ina bei, chukua rula. Marumaru za 40 kwa 40, kila mita moja ya mraba ina karibu mita 5 za mstari. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, yaani mita 100 za mstari wa kusugua, kusuuza, kupaka mara mbili na kufuta. Za 60 kwa 60, kwa sebule hiyo hiyo, zinashuka mpaka mita 67 hivi. Zile ndogo za bafuni za 20 kwa 20 ni mita 10 kwa kila mita ya mraba! Mnapopatana bei na watu hawa, kumbukeni magoti yao.

Maswali karibuni. Ninachokijua nitajibu.

#2 Mrina_wa_Soweto

Dada umenigusa. Niko Soweto hapa Moshi, asidi nimemwaga Jumamosi. Kuna namna ya kuokoa?

#3 MamaWawili_Sakina

@Mrina_wa_Soweto pole kaka. Kwanza suuza tena na tena kwa maji mengi, asidi ikibaki kwenye vitundu inaendelea kula. Halafu kwangua kwa ukucha. Kama mstari ni mgumu, una bahati, safisha taratibu kwa sabuni ya alikali, kausha, ziba. Kama unga unatoka, usipake sila juu yake, itashika unga na kutoka nao. Hiyo kwanza ikwanguliwe, ijazwe upya.

#4 FundiSpesa

Dada Sakina pole sana, na umeandika vizuri. Lakini msitupake mafundi wote tope moja. Naweka marumaru mwaka wa kumi na nne huu, Arusha na Moshi kote.

Asidi ina mahali pake. Nyumba mpya, ukungu wa simenti umebaki juu ya marumaru, hautoki kwa sabuni. Ninavyofanya mimi: naacha grauti ikomae vizuri. Nalowesha mistari kwa maji safi mpaka ishibe, ili asidi isipate pa kuzama. Napitisha asidi dhaifu, ile ya sulfamiki ya unga ni ya upole kuliko haidrokloriki ya kwenye madumu. Siyo ya kukaa, ni dakika chache. Nasuuza, nafuata na maji ya alikali kuua makali, nasuuza tena. Nikimaliza siirudii kwenye sakafu ile. Kosa linaanza pale mtu anapoigeuza kuwa sabuni ya kila mwezi.

Na jambo moja linaniuma. Mwenye nyumba anatumia pesa ya kutisha kwenye marumaru, ikifika grauti anabana. Mfuko mmoja anataka utoshe nyumba nzima. Kijana anafanyaje? Anaongeza maji. Grauti iliyokorogwa maji mengi inakauka dhaifu, ina mabaka, vitundu kibao. Hiyo hata uipake sila ya bei gani, umevalisha koti mgonjwa. Wengine mnaambiwa simenti nyeupe inatosha. Simenti tupu bila mchanga kwenye mstari mpana inasinyaa na kupasuka. Mstari wa milimita 3 kwenda juu unataka grauti yenye mchanga, chini ya hapo ndiyo ile laini.

#5 MamaWawili_Sakina

Fundi, nakubali na nakushukuru. Hilo la kulowesha kwanza hata yule kijana hakulijua. Alimwaga kwenye mistari mikavu.

#6 Nesi_Pasua

Naomba niongeze hapa kwa herufi kubwa moyoni mwangu. MSICHANGANYE JIKI NA ASIDI. Wala jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha cha ukubwa wa tofali moja. Mnamwacha dada wa kazi afunge mlango asugue, anatoka anakohoa, macho mekundu, kifua kimebana. Nimewapokea zaidi ya mmoja. Wengi hawakuchanganya kwenye ndoo, walimwaga jiki kwanza, haikutakata, wakafuata na asidi juu yake. Ukisikia harufu inakaba, toka nje, acha mlango wazi, mambo ya usafi baadaye.

#7 Meku_Kijenge

Wanangu, sisi zamani sakafu tulisugua kwa magadi. Haya ya kupikia makande, yanayotoka Ziwa Natron. Yanakata mafuta vizuri sana. Mnapoteza pesa kwa sabuni za dukani.

#8 DadaUsafi_Njiro

Shikamoo mzee Kijenge. Mimi ndiye dada anayetajwa kwenye uzi, shemeji yake MamaWawili kanitumia nikaona nijiunge.

Mzee uko sahihi. Magadi ni alikali, na alikali ndiyo inayofungua mafuta. Mtu asiye na uwezo wa kuita mashine ayayeyushe kwenye maji ya moto, ayachuje, avae glovu, asugue na brashi ya nailoni. Ila kusuuza kuwe kwa kweli, siyo kupangusa. Magadi yakibaki mstarini yakikauka yanatoa chumvi nyeupe juu. Na tafadhali, msije mkaruka mkachukua kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo ni alikali pia lakini inachoma ngozi, na jicho haliponi.

Tope letu jekundu nalo, wengi wanalimwagia jiki. Wekundu ule ni madini ya chuma, jiki haiung'arishi. Jiki inaua ukungu mweusi wa bafuni basi. Tope linatoka kwa kulegezwa, kusuguliwa na kunyonywa nje. Siri haipo nyingine.

#9 Binti_Rau

Asanteni kwa uzi. Kwetu ni Rau, siyo mbali na msitu. Mistari inatoa unga mweupe kama chumvi, tunapangusa, unarudi. Mtu kaniambia nipake sila itakoma. Nipake?

#10 FundiSpesa

Binti usipake kwanza. Hiyo ni chumvi inayobebwa na maji kutoka chini. Maji yanapanda, yanafika juu yanakauka, chumvi inabaki. Huko Rau maji ya ardhini yako karibu. Swali langu: chini ya zege liliwekwa karatasi la nailoni la kuzuia maji? Kama hukuona nailoni siku ya kumwaga jamvi, jibu unalo. Angalia na bomba lililopita chini, mfereji wa nje, paa linamwaga wapi. Ukiziba juu bila kukata maji chini, chumvi itasukuma mpaka ibandue hata marumaru. Futa kavu kwa brashi, usideki kwa maji mengi, shughulikia chanzo.

#11 DadaUsafi_Njiro

Naunga mkono. Sila haizuii uvujaji. Kuna mteja bafu lake la ghorofani linadondosha maji sebuleni, kaniita niweke sila. Nilimrudisha kwa fundi. Pesa yake ningeila siku moja, jina langu lingeharibika miaka.

#12 Kaloleni_Asilia

Nyumba ya marehemu baba ina terazo, siyo marumaru. Mambo ni hayo hayo?

#13 DadaUsafi_Njiro

@Kaloleni_Asilia terazo itunze kama yai. Ni vipande vya mawe, mara nyingi marmari, ndani ya simenti, na marmari ni chokaa vile vile. Asidi, siki, hata ndimu ikidondoka inakula mng'ao. Sabuni isiyo kali tu. Na tofauti yake, terazo inanywa yenyewe, kwa hiyo sila unapaka sakafu nzima, kama vile mawe ya asili na vigae vya udongo visivyo na glezi, ule utando wa juu unaong'aa kama kioo. Kwa marumaru za glezi na poseleni tunapaka mistari tu. Ukiipaka juu ya poseleni inakaa kama ukungu, kila nyayo inaonekana.

#14 Mangi_Uru

Hilo la ukungu limenikuta! Nilinunua sila mwenyewe, nikapaka, nikaenda kutazama mechi. Narudi, sakafu ina mabaka ya utando yanayonata.

#15 DadaUsafi_Njiro

Mangi, mara nyingi unaweza kuitoa. Lowesha kitambaa kwa sila ile ile, pitisha juu ya utando, ile mpya inalegeza ile iliyokauka, futa hapo hapo na kitambaa kikavu. Eneo dogo dogo. Kama ni ile yenye harufu ya petroli fungua madirisha yote na uzime jiko la gesi, inashika moto.

#16 MamaNdizi_Kibosho

Na madoa ya utomvu wa ndizi jamani? Jikoni kwangu tunamenyea ndizi za mtori sakafuni, mistari ina madoa ya kahawia yamegoma.

#17 DadaUsafi_Njiro

Mama, utomvu nao ni kama wino. Jaribu blichi ya oksijeni, ile ya unga isiyo na klorini, ikoroge na maji ya moto, iache dakika 20, sugua. Yatapauka. Yasipotoka yote, kuna sila ya rangi, unachagua kijivu au kahawia, inafunika doa na kuziba kwa pamoja. Kwa jikoni omba inayokataa mafuta, siyo maji peke yake. Baada ya hapo menyeeni juu ya gunia.

#18 Mrina_wa_Soweto

Ikishapakwa inakaa muda gani? Na deki tunapigaje?

#19 MamaWawili_Sakina

Nijibu mimi maana ndiyo maisha yangu sasa. Ndoo mbili, moja ya sabuni kidogo ya vyombo, moja ya kusuuzia mopu. Maji yakibadilika rangi, mwaga. Bafuni tunakokota maji kwa ile brashi ya mpira baada ya kuoga, na dirisha linabaki wazi. Jiki na dawa za choo hazigusi tena mistari, zinaichosha sila. Muda unategemea matumizi. Bafuni na jikoni mwaka mmoja hadi miwili, vyumbani zaidi. Usihesabu kalenda, dondosha tone la maji. Likisimama, bado ipo. Likizama na mstari ukawa mweusi, umefika wakati.

#20 MamaNdizi_Kibosho

Wapendwa, narudi kutoa mrejesho. Tumesafisha wiki iliyopita, sila ya kijivu mikono miwili, tumelala kwa wifi siku mbili. Leo saa mbili na robo usiku nimedondosha tone karibu na jiko, pale palipokuwa peusi kuliko kote. Sasa ni saa tatu kasoro kumi. Nimeinama na tochi ya simu, bado limekaa kama ushanga. Mkungu uko mlangoni, kesho namenya, na gunia nimeshatandika.